Mji juu ya paa

Watoto, mmekwisha kumtafuta kinyonga katika majani? Mwatazama huku na huku, mwaona majani matupu. Kumbe yeye yupo pale pale, mbele ya macho yenu. Na panzi wa rangi ya majani ni vilevile. Akitulia, hata kuku hamwoni. Akiruka tu, amekwisha kuliwa. Wadogo hawa hawana nguvu ya kupigana. Salama yao ni kujificha.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, iliyoanza mwaka 1939 na kuisha mwaka 1945, watu nao walifanya kazi kama ya kinyonga. Lakini wao walificha viwanda vizima.

Kwa nini kuficha kiwanda? Askari hapigani kwa mikono mitupu. Bunduki yake, motokari yake na ndege yake zatoka kiwandani. Basi, adui akivunja kiwanda, amevunja nguvu za askari wengi kwa mara moja. Tena viwanda vingi vimejengwa mijini, karibu na nyumba za watu. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, ndege za Wadachi zilitupa mabomu juu ya Coventry, mji wa viwanda katika Uingereza. Viwanda viliungua, na nyumba pia. Watu zaidi ya 500 walikufa usiku ule mmoja.

Tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Wajapani zilishambulia meli za Marekani katika bandari ya Pearl Harbor. Watu wa Marekani waliokaa kando ya bahari ya Pasifiki waliingiwa na hofu. Walisema: «Kesho watakuja kwetu.» Katika upande ule, mjini Seattle, palikuwa na kiwanda kikubwa cha Boeing. Huko maelfu ya wafanyakazi, wanaume na wanawake, walitengeneza ndege kubwa za vita zilizoitwa B-17. Kila ndege ilikuwa na injini nne. Paa la kiwanda lilikuwa pana kuliko viwanja kumi vya mpira. Litafichwa namna gani?

Fikirini kwanza mtu aliye ndani ya ndege, juu sana, aona nini. Nyuso za watu hazioni. Milango haioni. Aona mambo manne. Kwanza umbo: nyumba ndogo ni nukta, lakini kiwanda ni mraba mkubwa. Pili kivuli: asubuhi na jioni ukuta mrefu hutupa kivuli kirefu chini. Tatu mng'ao: vioo na mabati hung'aa juani. Nne njia: barabara, reli na mto humwongoza mpaka mahali anapopatafuta. Kwa hiyo kupaka paa rangi ya majani hakutoshi. Ukipaka rangi tu, umbo labaki, na kivuli labda kitakusaliti.

Kazi ile alipewa John Stewart Detlie. Yeye alijua kuchora nyumba, tena alikuwa amefanya kazi Hollywood, mahali pa kutengeneza sinema. Huko alizoea kujenga nyumba za mbao na nguo, zinazoonekana za kweli katika picha. Basi akafanya vile vile. Alijenga mji juu ya paa la kiwanda.

Mji ule ulikuwa na nyumba, barabara, bustani na miti. Kuta za nyumba zilikuwa mbao na turubai, na ndani hamkuwa na kitu. Nyumba nyingi zilikuwa fupi. Mtu mzima aliyesimama karibu nazo alionekana kama jitu. Miti ilikuwa wavu wa waya, kama ule wa kufugia kuku, uliofunikwa kwa manyoya na vitambaa vilivyopakwa rangi. Majani ya bustani yalikuwa magunia. Wafanyakazi wenye mzaha waliita njia moja ya mji ule Njia ya Magunia. Ukisimama karibu, wacheka. Lakini ukiwa juu katika ndege, waona mtaa wa watu, sawasawa na mitaa mingine iliyo jirani. Ule mraba mkubwa umepotea.

Chini ya bustani zile za magunia, kazi haikusimama. Mwaka 1944, wakati kazi ilipozidi, wafanyakazi waliweza kumaliza hata ndege 16 kwa siku moja.

Je, mji wa paa uliokoa kiwanda? Hatuwezi kusema hivyo, kwa maana ndege za Wajapani hazikufika Seattle kukitupia mabomu. Lakini tujue jambo lililotukia penginepo. Katika Udachi, mjini Hamburg, katikati ya mji pana ziwa dogo. Marubani walilijua, nalo liliwaonyesha njia. Basi wenyeji walifunika maji kwa majukwaa yaliyofanana na nyumba, wakajenga na daraja la uongo. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini Waingereza walikuwa na picha zilizopigwa toka ndegeni, za zamani na za sasa. Aliyelinganisha picha mbili alitambua mara moja kitu kilichobadilika.

Tena palitokea jicho jipya, jina lake rada. Rada haitazami rangi. Yatuma mawimbi, na mawimbi yakigonga kitu yarudi. Ardhi, nyumba na maji huyarudisha kila kimoja kwa namna yake. Hivyo hata katika giza na mawingu, rubani aliweza kujua mto uko wapi na mji uko wapi. Mwezi wa Julai 1943, ndege za Waingereza zilifika Hamburg usiku zikiwa na rada. Mchana zilikuja ndege za Marekani, nazo zilikuwa B-17, namna ile ile iliyotengenezwa Seattle. Watu zaidi ya 30,000 walikufa katika siku zile.

Angalieni basi jambo hili. Watu wa Seattle waliogopa mabomu, wakaficha kiwanda chao. Ndani yake walitengeneza ndege za kutupa mabomu juu ya watu wengine, ambao nao waliogopa na kujificha. Kinyonga hujificha apate kuishi. Katika vita, mtu hujificha, tena humtafuta mwenziwe aliyejificha.

Baada ya vita, mji wa paa uliondolewa. Mwaka 2010 watu walianza kukibomoa kiwanda chenyewe. Mji ule haukupata kuwa na mtoto hata mmoja wa kucheza katika njia zake. Mji wa kweli ni ule usio na haja ya kufichwa.

Maneno
Kusaliti: kumtoa mtu kwa adui.
Mng'ao: mwanga wa kitu kinachong'aa.
Rubani: mwenye kuongoza ndege.
Turubai: nguo nzito ya kufunikia.

Maulizo
1. Kwa nini adui hutafuta viwanda?
2. Taja mambo manne anayoyaona mtu aliye juu katika ndege.
3. Miti ya mji wa paa ilitengenezwa kwa vitu gani?
4. Kwa nini rada haikudanganywa na rangi?
5. Kinyonga na watu wa vita wafanana kwa nini? Wapitana kwa nini?