Tusiwaanike vijana mtandaoni kwa jina la ushuhuda

Mwaka jana, katika kanisa ninaloabudu, msichana wa miaka 16 alisimama mbele ya wenzake usiku wa mwisho wa kambi ya vijana akatoa ushuhuda. Alisema kwamba kwa mihula miwili alikuwa akimwibia mamake pesa za biashara ili anywe pombe na marafiki. Alisimulia pia jinsi alivyomwendea mamake jikoni, akapiga magoti, akaungama, na jinsi wote wawili walivyolia hadi chai ikafurika mekoni. Ushuhuda mzima ulichukua dakika 11. Wenzake walimkumbatia, wakaimba, na kambi ikafungwa kwa furaha.

Lakini palikuwa na kamera. Wiki moja baadaye ushuhuda ule ulikuwa katika YouTube, na kabla ya mwezi kwisha mtu asiyejulikana alikuwa amekata kipande cha sekunde 40, akakiweka katika TikTok, na juu yake akaandika: "Mwizi wa mamake." Shule zilipofunguliwa, wanafunzi wenzake walikuwa wamekwisha kukiona. Muhula huohuo ikabidi msichana yule ahamishwe shule.

Msomaji asije akadhani kwamba ninanuia kuungana na wanaoiona mitandao ya kijamii kuwa kazi ya Ibilisi. Mwezi Agosti 2023 ombi liliwasilishwa katika Bunge la Taifa likitaka TikTok ipigwe marufuku nchini, na baadhi ya watu wa dini walilishangilia. Mimi sikuwa miongoni mwao. Mikutano ya ibada iliposimamishwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ni vijana waliowafundisha wachungaji wao namna ya kuisimamisha simu juu ya rundo la vitabu na kuhubiri mbele yake. Tangu hapo kazi hiyo haijarudi nyuma, wala haifai irudi. Kijana wa Lodwar mwenye swali ambalo hathubutu kumwuliza babake wala mchungaji wake anaweza kulipatia jibu usiku wa manane, akiwa kitandani, kwa video ya dakika tatu. Anayeibeza huduma hiyo hajawahi kuwa kijana, au amesahau.

Ninalolilalamikia ni jambo moja mahususi, nalo ni ushuhuda wa watoto wetu. Na kwa kuwa riziki yangu ni kufundisha isimu, naomba nilitazame kwa jicho la fani hiyo.

Ushuhuda ni utanzu wa fasihi simulizi kama zilivyo ngano na maghani, ingawa wahakiki wetu wameupuuza. Una fomula yake ya kufungulia: "Bwana asifiwe," nayo hadhira hujibu "Amina" kabla msimulizi hajaendelea. Una pia mwendo wake: nilivyokuwa, lililonipata, nilivyo sasa. Mwendo huo hubebwa na viambishi vya wakati. Sehemu ya kwanza hutawaliwa na -li-: nilikuwa nikiiba, nilikunywa, nilidanganya. Sehemu ya mwisho hutawaliwa na -me-: nimeokoka, nimesamehewa. Tofauti ya viambishi hivi viwili si ndogo. Tukisema "mtoto alilala," usingizi huo umekwisha kupita. Tukisema "mtoto amelala," tukio limekamilika lakini matokeo yake yangalipo, na hatuna budi kunyata. Ndivyo ilivyo "nimeokoka." Theolojia nzima ya wokovu, kama inavyosemwa kwa Kiswahili, imetundikwa kwenye silabi hiyo moja.

Sasa tuirudie ile video. Aliyekata sekunde 40 alichukua -li- akaiacha -me-. Kisha maandishi aliyoyaweka juu yake yakamalizia uharibifu, kwani "mwizi" ni nomino, na nomino haina wakati. Msichana alisema alikuwa akiiba. Mtandao ukasema ni mwizi, jana, leo na mtondogoo.

Tungeweza kumlaumu mkataji peke yake na kulala usingizi. Hata hivyo, nilipozungumza na kiongozi wa vijana, kijana mcha Mungu asiye na hila, aliniambia waziwazi kwamba naye, anapotengeneza tangazo la kambi, huchagua sehemu ya dhambi. "Mwalimu, ile sehemu ya pili watu hawaisubiri," alisema. Hakika hawaisubiri. Mitandao hii imeundwa ili ionyeshe zaidi kile kinachokizuia kidole kisiendelee kupekua, na dhambi hukizuia kidole kuliko neema. Kwa hiyo hata pasipokuwa na adui yeyote, chombo chenyewe huvuta upande wa -li-. Nilitabasamu kwa uchungu nilipomsikia akitaja idadi ya "wafuasi" wa ukurasa wao. Neno hilohilo tumekuwa tukiliita wanafunzi wa Kristo, walioacha nyavu na mashua. Leo mtu huwa mfuasi kwa kugusa kioo, na huacha kuwa mfuasi kwa kukigusa tena.

Baadhi ya wazee watanikumbusha kwamba kuungama hadharani si jambo geni kwetu. Ni kweli. Uamsho uliochipuka Gahini, nchini Rwanda, ukaenea Uganda na kuingia Kenya katika miaka ya 1930, uliwafanya watu kuyataja makosa yao mbele ya ndugu bila kuficha. Marehemu nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Kila wiki, kwa miaka mingi, alihudhuria ushirika wa ndugu waliookoka, na kila mara mtu alisimama akajiweka "nuruni," kama walivyokuwa wakisema. Lakini aliyesikia alikuwa na deni. Wiki iliyofuata angeketi ubavuni mwa yuleyule aliyeungama. Akifiwa, angelala matangani kwake. Akianguka tena, angemwendea. Neno lilitamkwa, likasikiwa na watu wenye majina, kisha likayeyuka hewani. Hadi leo mimi mjukuu wake sijui nyanya aliungama nini. Walioyasikia wamekwenda nayo makaburini. Mtazamaji wa TikTok hana deni lolote kwa yule anayemtazama, na alichokiona hakiyeyuki.

Mchungaji mmoja, tulipokuwa tukibishana juu ya hili, alinijia na hoja ya kutoionea haya Injili. Nilimwomba tufungue pamoja Injili ya Marko, sura ya tano. Mna watu watatu humo. Wa kwanza ni yule mwanamume aliyekuwa akikaa makaburini; alipoponywa aliagizwa aende nyumbani kwake, kwa jamaa zake, akawasimulie. Wa pili ni mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Yeye aliusema ukweli wake wote mbele ya umati. Wa tatu ni binti Yairo, mwenye umri wa miaka 12. Kwake yeye Yesu aliutoa umati nje, akabaki na wazazi wake na wanafunzi watatu tu, akakataza kwa nguvu habari hiyo isijulikane na mtu, kisha akasema apewe chakula. Mchungaji alinyamaza kidogo, akasema kwamba hajawahi kuzisoma habari hizo kwa kuzilinganisha. Nami nilikuwa sijazilinganisha hadi yalipomfika msichana wetu.

Kuna sheria pia, ingawa makanisani tunapenda kuamini kwamba sheria za namna hiyo ni za mabenki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na inataka matumizi hayo yawe kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu. Sisi tunachapisha maungamo.

Kanisa letu lilikuwa na idhini, tena ya maandishi. Mama wa msichana alikuwa ametia sahihi fomu ya kambi, na chini kabisa palikuwa na mstari mmoja uliotaja picha na video. "Nilidhani ni za wakicheza mpira," aliniambia. Nilimsadiki. Na hata angeuelewa mstari ule, je, ni mzazi gani awezaye kuidhinisha mwezi Julai neno ambalo mwanawe atalitamka mwezi Agosti, usiku, huku akilia?

Rai yangu ni kwamba vijana washike kamera badala ya kuwa windo lake. Waigize, waimbe, wajibu maswali yanayotumwa na wenzao bila kutajwa majina. Wanazo stadi za kuhariri ambazo sisi wazee hatutazipata kamwe. Ikiwa ni lazima video iwe na ushuhuda, basi na asimame shemasi wa miaka 60 aeleze alivyokuwa akilewa mshahara wote. Amekomaa, kazi yake ameimaliza, na watakaomcheka ni rika lake. Yule ambaye hajatimiza miaka 18 aseme yake ndani ya ukumbi, milango imefungwa na simu zote zimewekwa kapuni, zikiwamo za viongozi. Vijana wetu walilalamika tulipolipitisha kapu hilo mara ya kwanza katika kambi ya mwaka huu. Usiku wa mwisho waliosimama kushuhudia walikuwa wengi hata ikatubidi kuendelea hadi saa saba.

Video ya dakika 11 iliondolewa katika ukurasa wa kanisa siku ileile mama alipolalamika. Juma lililopita, nikiandaa makala haya, nilikitafuta kile kipande cha sekunde 40. Kingalipo, na waliokitazama wameongezeka.