Msalaba Ndani ya Darubini ya Bunduki: Kwa Nini Unamhusu Mfanyakazi

Wengine watauliza, gazeti la chama lina habari gani na darubini za bunduki? Bunduki za kuwindia ni za matajiri na wageni, nasi tunachuma chai na kuendesha mashine. Jibu letu ni hili: anayefyatua ni mgeni, lakini anayetangulia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa ni mfanyakazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, lakini Tanzania, Uganda na Zambia uwindaji wa leseni upo. Msimu ukifika, vijana wetu huajiriwa kambini kuwa wafuata nyayo, wabeba mizigo na wachunaji wa ngozi. Wengine hufanya kazi katika viwanja vya shabaha, wakibandika karatasi na kuhesabu matundu. Wote hawa yafaa wajue mpigaji anaona nini machoni pake.

ALAMA YENYEWE NI NINI?

Ukichungulia ndani ya darubini ya bunduki utaona mistari miwili iliyokatana mfano wa msalaba. Hiyo ndiyo alama ya kulengea. Bunduki ikisharekebishwa vizuri, pale mistari inapokatana ndipo risasi itakapopiga, kwa umbali ule ule iliyorekebishiwa. Mbali zaidi ya hapo risasi huanguka chini ya alama.

Jambo hili ni la zamani. Husimuliwa kwamba Mwingereza William Gascoigne, takriban mwaka 1640, alikuta uzi wa buibui umetanda ndani ya darubini yake ya kutazamia nyota, akauona uzi na nyota kwa pamoja bila ukungu. Baadaye mafundi walitumia uzi wa buibui kwa miaka mingi. Leo hutumika waya mwembamba, au mistari iliyochorwa juu ya kioo.

AINA ZAKE

Kwanza, msalaba mwembamba. Mistari yake ni kama unywele toka mwanzo hadi mwisho. Huu unafaa karatasi ya shabaha, kwa kuwa haufuniki duara dogo la katikati. Lakini kichakani, jioni, mbele ya nyati mweusi aliyesimama kivulini, mistari hiyo hupotea kabisa. Mpigaji hubaki akikisia.

Pili, msalaba mnene pembeni na mwembamba katikati. Kampuni ya Leupold ya Marekani iliutoa mwaka 1962 kwa jina la Duplex, na wengi wakauiga. Sehemu nene hulivuta jicho katikati upesi, na sehemu nyembamba huonyesha mahali hasa pa kupiga. Kwa mwindaji wa kawaida huu unatosha.

Tatu, alama ya Kijerumani inayoitwa namba 4. Ina mihimili mitatu minene, wa kushoto, wa kulia na wa chini. Juu ni uzi mwembamba tu. Wajerumani huipenda kwa kuwinda nguruwe mwitu msituni wakati wa mwanga hafifu. Hata giza likianza kuingia, mihimili huonekana. Ziko pia alama zenye nukta inayowashwa kwa betri. Hizo ni nzuri, ila betri ikiisha lazima alama yenyewe iweze kuonekana bila taa.

Nne, alama yenye vipimo. Juu ya mistari kuna nukta au vijistari vilivyoachana kwa kipimo kiitwacho mili. Mili moja ni sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, na mita moja kwa umbali wa mita 1,000. Kwa hiyo mpigaji akijua urefu wa kitu anaweza kukadiria umbali. Tuchukue ubao wa shabaha wenye urefu wa nusu mita. Ukijaza mili mbili, zidisha nusu mita kwa 1,000, upate 500. Gawanya kwa mbili. Ubao uko mita 250.

MTEGO ULIOMO

Hapa wengi hukosea. Darubini nyingi zinaweza kukuza picha kidogo au sana kwa kuzungusha pete. Katika aina moja, alama hukua pamoja na picha, na vipimo hubaki sahihi siku zote. Katika aina nyingine, picha hukua lakini alama hubaki vile vile. Hiyo vipimo vyake ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa.

Tuseme mpigaji ana darubini ya aina ya pili na amepunguza ukuzaji nusu. Ubao ule ule sasa utajaza mili moja tu. Akipiga hesabu atapata mita 500 badala ya 250. Atainua mtutu, na risasi itapita juu ya ubao kwenda nyuma. Kama huko nyuma kuna wachumaji wa chai au watoto wanaokwenda kuteka maji, hakuna hesabu itakayorudisha risasi hiyo.

Kwa hiyo mwenye vipimo vingi si lazima awe mpigaji bora. Kwa nyati aliye mita 80, alama nene na nyepesi kusoma inashinda msitu wa vijistari. Vipimo vimefaa uwanja wa shabaha, ambako umbali hupimwa na muda upo.

TUNAYODAI

Mnyama aliyepigwa vibaya hafi haraka. Huingia kichakani na kungoja. Hivyo wenzetu wa kambini wadai haya bila woga:

Mgeni apige shabaha kambini kabla ya siku ya kwanza, na tena kila bunduki inapoanguka au kusafirishwa kwenye barabara mbovu.

Alama isiyoonekana jioni isitumike jioni. Mwindaji bingwa ndiye mwenye wajibu wa kumkataza mgeni, na mfuata nyayo ana haki ya kumkumbusha.

Mtu yeyote asitumie darubini ya bunduki kutazamia watu au njia. Darubini inakoelekea, mtutu nao umeelekea huko huko. Kwa kutazama iko darubini ya mkononi.

Mfuata nyayo asitumwe gizani kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, na fidia ya ajali iandikwe katika mkataba kabla msimu haujaanza.

Mkataba wa mdomo haumlipi mjane. Kabla ya kupanda gari la kambini, mlete mkataba wako kwa katibu wa tawi tuusome pamoja.