Hospitali ya Dadu Mbili

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo sina sungura wala fisi. Nina daktari mmoja, wagonjwa wanne, na dadu mbili nilizozitoa kwenye ludo yenu.

Mwaka 1948 Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, na mgonjwa hakudaiwa pesa mlangoni. Katika kliniki ilikuwa kawaida kuwaita wagonjwa wengi kwa saa ile ile, ili daktari asikose mtu wa kumtibu. Muda wa daktari ulithaminiwa. Wa mgonjwa ulikwisha kwenye benchi. Mtakwimu mmoja, Norman Bailey, akaanza kuihesabu mizani hiyo. Hakwenda kuwahamishahamisha wagonjwa kwa majaribio. Alijenga kliniki ya karatasi, akawapa wagonjwa wake wa kubuni dakika za bahati nasibu, akakokotoa kwa mkono. Matokeo aliyachapisha mwaka 1952.

Nasi tujenge yetu. Jumla ya dadu mbili ndiyo dakika za mgonjwa mbele ya daktari. Ukirusha mara nyingi, wastani wake ni 7. Mimi nimepata 3, 11, 9 na 5. Namba hizi hatuzigusi tena. Tutabadilisha saa za kufika tu, la sivyo hatutajua kama kilichosaidia ni utaratibu au ni bahati.

Kwanza, waje wote mlango unapofunguliwa. Wa kwanza hangoji. Wa pili anangoja dakika 3, wa tatu 14, wa nne 23. Jumla ni dakika 40 za benchi, na daktari anamaliza dakika ya 28 bila kupumzika.

Sasa waje mmoja mmoja, kila baada ya dakika 7. Si wastani ni 7? Basi asingoje mtu! Tazameni lakini. Wa kwanza anatoka dakika ya 3, na daktari anabaki dakika 4 akichezea kalamu. Wa pili anaingia ya 7, anatoka ya 18. Wa tatu alishafika tangu ya 14, kwa hiyo amengoja 4. Wa nne akangoja 6. Benchi limechukua dakika 10 tu, ila daktari amemaliza dakika ya 32. Hakuna aliyekuwa mvivu hapo, na hakuna aliyechelewa. Tatizo ni kwamba huyu ana dakika 3 na yule ana 11, na zile 4 za kalamu haziwekwi akiba zikamfaa mwenye 11.

Pendekezo la Bailey lilikuwa hili: waje wawili mlango unapofunguliwa, kisha mmoja mmoja kwa nafasi ya ule wastani. Kwa dadu zetu wagonjwa wanangoja 3, 7 na 9, yaani 19. Haifiki hata nusu ya 40, na daktari anamaliza dakika ya 28.

Siku hizi kompyuta ndiyo inayorusha, maelfu ya mara, na ndani yake mna mapokezi, maabara, dirisha la dawa na wodi. Hapo ndipo huonekana mambo ya ajabu. Aliyepona bado amekalia kitanda akisubiri karatasi za kuruhusiwa, na kwa sababu hiyo mgonjwa wa dharura hapandishwi wodini. Ukiongeza daktari kule dharura, foleni haisogei! Lakini lazima kwanza mtu asimame mlangoni na saa, aandike dakika za kweli. Dadu za kukisia zitakupa hospitali ya kukisia.

Haya, shikeni kalamu. Siku halisi kuna asiyefika, kwa mvua au kwa kukosa nauli. Mrushieni kila mgonjwa dadu moja zaidi. Ikitoka 1, hakuja. Kisha mniambie kama wawili wa mlangoni bado wanatosha, au tuite watatu.