Tundu la Pad ya PS2 Limekufa? Usiuze Mashine Kama Scrap Bado

Kama ulikulia ocha, unajua base ya game ni nini. Yetu hapa Kathonzweni ilikuwa chumba moja ya mabati, benchi mbili, tivi ya kisogo, na PS2 moja nyeusi iliyojaa vumbi jekundu. Mechi moja ya PES, ashu. Ukipigwa unaamka, mwingine anakalia.

Sasa siku moja nikaamka vibaya. Mguu ukanasa kwa waya ya pad, mashine ikatoka kwa meza ikashuka chini puu! Iliwaka fiti, lakini tundu la kwanza halikusoma pad tena. Utasema si kuna la pili? Manze, game karibu zote za PS2 zinamtaka player wa kwanza kwa tundu la kwanza. Bila hilo hata menyu haupiti. Mwenye base alikuwa analipa rent na hiyo mashine. Hakunichapa, alininyamazia tu. Hiyo ndiyo noma zaidi.

Sony walianza kuuza PS2 Japani Machi 2000, na kufikia 2013 walikuwa wameacha kuitengeneza. So ile uko nayo ni mzee, na hakuna dukani utapata mpya. Wacha nikupe rada ya kuiokoa.

Kwanza usifungue kitu. Chukua pad na uiweke kwa tundu lile lingine. Ikikataa kote, mgonjwa ni pad, si mashine, na mara nyingi waya imekatikia pale karibu na kichwa, kwa sababu sisi hupenda kuikunja na kuifungia pad nayo. Ikikubali upande mmoja tu, shida ni tundu. Matundu yote mawili yakikufa pamoja, hapo fikiria fyuzi ama ule utepe wa ndani.

Mulika tundu na tochi ya simu. Utaona pini 9, zimepangwa tatu tatu. Kila moja na kazi yake: kuna inayopeleka umeme wa pad, kama volti 3 na nusu hivi, kuna ya kutingisha, volti 7 na kitu, na zingine zinabeba maneno kati ya pad na mashine. Ndio maana unaweza pata pad inacheza poa lakini haitingishiki. Pini moja tu imelala.

Kama ni uchafu, chomoa stima, chukua mswaki mzee na spiriti, sugua polepole, wacha ikauke kabisa. Kwa vumbi ya huku kwetu, hiyo pekee inaokoa mashine nyingi. Msasa usiguse! Unakwangua ile rangi inayozuia kutu, na baada ya miezi kadhaa utarudi pale pale. Pini iliyojikunja inyooshe na kibano, kidogo kidogo, mara moja tu. Ukiipinda mbele na nyuma itavunjika.

Ikibidi kufungua ile PS2 kubwa, wacha ikae kama nusu saa bila stima, kwa sababu power supply iko ndani na inaweka umeme. Geuza mashine. Skrubu zimejificha chini ya vifuniko vidogo na miguu ya raba. Inua kifuniko pole, kuna utepe mwembamba wa ile switch ya mbele, na ukiurarua umejiongezea kazi. Tundu za pad na za memory card ni kipande kimoja, kimeunganishwa na bodi kwa utepe mwingine. Uchomoe, usafishe, urudishe ukiwa umenyooka. Kuna mashine zimepona hapo tu.

Bado? Angalia solda nyuma ya pini kama ina ufa kama nywele. Fyuzi nayo ni kitu kidogo sana kwa bodi. Pima na maltimita, ikinyamaza imekufa. Kuna mafundi huunganisha hapo na kawaya tu. Kataa. Fyuzi iko hapo ndio ife kabla ya chip, na chip ikichomeka hiyo mashine ni ya kukalia. Kama kipande chote kimevunjika, toa kingine kwa PS2 iliyokufa. Wasee wa Nairobi jaribuni Luthuli.

Yetu ilikuwa solda, pini mbili. Niliipeleka Wote kwa fundi wa redio, nimeifunga na sweta ya shule. Akaigusa dakika kumi, akachukua soo mbili, pesa niliyopata nikichumia susu maembe.

Mechi ya kwanza mwenye base alicheza na mimi. Alinifunga nne bila. Na ashu yangu alichukua.