Samaki Hawakupewa Dawa, Usugu Umetoka Wapi?

Bakteria aliyetolewa bwawani hupimwa kwa njia rahisi. Mtaalamu wa maabara humpaka kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, kisha hupanga juu yake vidonge vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa antibayotiki, kila kimoja na dawa yake. Sahani huachwa kwenye joto usiku kucha. Asubuhi, karatasi yenye dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na duara tupu ambamo hakuna kilichoota. Dawa iliyoshindwa haina duara. Bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kundi la watafiti, akiwamo Henning Sørum wa Norwei, lilitumia kipimo hicho kwa bakteria waliotoka kwenye maji, tope na samaki wa mabwawa ya Tanzania na Pakistan, kisha likazitafuta jeni zinazowapa usugu, yaani uwezo wa kuhimili dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Mabwawa hayo hayakuwa na kumbukumbu yoyote ya kutumia antibayotiki. Hata hivyo zilikutwa jeni za usugu dhidi ya tetrasaiklini, amoksilini, streptomaisini, kloramfenikoli, erithromaisini na trimethoprimu, ambayo ni moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya Septrin. Walikuwapo hata bakteria waliokataa kila dawa waliyopimwa nayo.

Nyingi kati ya hizo ndizo dawa ambazo mgonjwa huandikiwa zahanati.

Kama samaki hawakupewa dawa, usugu umetoka wapi? Watafiti hao walielekeza macho yao juu ya bwawa, kwenye banda la kuku. Katika ufugaji mseto, banda hujengwa ukingoni mwa bwawa au juu ya nguzo ndani yake, na kinyesi hudondoka majini. Kwingine hukusanywa kwa ndoo na kumwagwa. Kinyesi hurutubisha maji, maji hugeuka kijani kwa mwani, na sato hula mwani huo. Mfugaji anaokoa fedha ya chakula cha samaki, ambayo ndiyo gharama inayowavunja wengi moyo. Ni mfumo wenye akili, na asiyewahi kununua mfuko wa chakula cha samaki asiharakishe kuulaumu.

Tatizo ni kile alichokunywa kuku. Kifaranga akisinzia, mfugaji hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na pakiti ya oksitetrasaiklini, inayojulikana kwa wengi kama OTC. Unga huchanganywa kwenye maji na banda zima hunywa, wagonjwa kwa wazima. Sehemu kubwa ya dawa hiyo haivunjwi mwilini. Hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu, pamoja na bakteria wa tumboni ambao tayari wamejifunza kuihimili. Vyote viwili huangukia majini, na kwenye tope la chini bakteria wa kuku hukutana na bakteria wa samaki na wa maji.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Bakteria hahitaji kuzaa ili kurithisha usugu. Anaweza kumpa jirani yake kipande cha jeni, hata kama jirani huyo ni wa jamii nyingine kabisa. Zaidi ya asilimia 30 ya bakteria waliochunguzwa walikuwa na kile kinachoitwa integroni, ambacho mtu anaweza kukifananisha na kijiti cha mshikaki: jeni za usugu dhidi ya dawa mbalimbali zimechomekwa pamoja, na anayepokea kijiti hupokea nyama zote. Kwa hiyo kuku aliyepewa dawa moja anaweza kukuza usugu dhidi ya dawa tatu ambazo hajawahi kuzionja.

Safari ya jeni kutoka majini hadi hospitalini ina ushahidi. Mwaka 1998 iliripotiwa nchini Marekani jeni iitwayo qnr, inayopunguza makali ya antibayotiki ya siprofloksasini, ndani ya bakteria aliyetoka kwa mgonjwa. Mwaka 2005 watafiti waligundua asili ya jeni hiyo: Shewanella algae, bakteria anayeishi majini.

Hakuna sababu ya kuacha kula samaki. Moto wa jikoni huua bakteria hao. Wa kujihadhari zaidi ni anayeparua magamba akiwa na kidonda mkononi, na kisu kinachotoka kwenye matumbo ya sato kwenda moja kwa moja kwenye nyanya za kachumbari. Lakini hesabu kubwa iko nje ya jiko: mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kufikia milioni 1.27 duniani.

Norwei inaonyesha kwamba inawezekana kurudi nyuma. Mwaka 1987 wafugaji wake wa samaki walitumia karibu tani 50 za antibayotiki, huku wakivuna chini ya tani 100,000 za samaki. Zikaja chanjo. Leo nchi hiyo inavuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na antibayotiki haifiki tani moja. Chile, inayofuga samaki aina ileile ya salmoni, ilitumia zaidi ya tani 500 mwaka 2014, hasa kupambana na ugonjwa ambao chanjo zake hazijaushinda.

Kwetu chanjo ya kuanzia ni ya kuku. Kideri, ugonjwa unaofagia mabanda ya vijijini, huletwa na virusi, na OTC haiviui virusi hata ukiimimina ndoo nzima. Chanjo yake inayostahimili joto inatengenezwa hapahapa Tanzania na hutolewa kwa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji mwenye bwawa chini ya banda aanze na tone hilo. Na kuku wakilazimika kupewa antibayotiki, kinyesi cha siku hizo kisiingie bwawani. Kilundikwe kiwe mboji mbali na maji, na mtaalamu wa mifugo aulizwe kabla pakiti haijafunguliwa.