Mnyama Asiye na Gumba

Leo Sungura apumzike, hadithi zake mnazijua zote. Nitawasimulia habari za jirani yetu wa msitu wa Mbizi, ambaye watu wengi wa Sumbawanga mjini hawajapata kumwona, ingawa maji wanayochota yanatoka kwake.

Anaitwa mbega mwekundu. Wekundu wenyewe uko zaidi utosini. Mgongo ni kijivu kilichokolea, mikono na miguu ina rangi ya majivu. Ana kitambi na mkia mrefu unaoning'inia. Haya, kunjeni kidole gumba ndani ya kiganja, kisha jaribuni kufungua chupa. Mmeona kazi? Gumba la mbega limebaki kinundu tu. Lakini juu ya miti wala halimkoseshi usingizi: vidole vinne virefu hunasa tawi na kuliachia upesi anaporuka.

Kule China yuko panda, yule mweusi kwa mweupe wa kwenye katuni. Yeye mambo yake ni kinyume: mfupa mmoja wa kifundo cha mkono umekua, ukawa kama gumba la ziada la kushikia mianzi. Mmoja kaongezewa, mwingine kapunguziwa, na wote wanaishi kwa majani. Kwa maoni yangu panda ndiye mwenye taabu zaidi, kwa sababu tumbo lake bado ni la mla nyama. Mianzi mingi hupita bila kumnufaisha, hivyo hutafuna kutwa, kilo 12 hadi 38 kwa siku! Mbega ana tumbo lenye vyumba, kama la ng'ombe, na vijidudu vilivyomo huchachusha majani taratibu. Akishiba hukaa tawini saa nyingi akingoja. Matunda matamu yaliyoiva huyakwepa, maana sukari ingechachuka upesi mno na tumbo likajaa gesi.

Sasa tazameni Ufipa yetu. Sehemu kubwa ni nyasi, mahindi, maharage na ulezi. Msitu umebaki vipande vipande, na Mbizi umo juu kabisa, zaidi ya mita 2,000, ukielekea bonde la Ziwa Rukwa. Ndugu zake mbega huyu wako mbali: Gombe, Mahale, na wengi zaidi Kibale, Uganda. Hakuna miti ya kumfikisha huko, na akishuka chini mbwa wanamngoja. Mama naye huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, kwa hiyo wakipungua hawarudi haraka. Ndiyo maana wataalamu wamemweka kwenye daraja la wanyama walio hatarini kutoweka.

Panda naye alikuwa kwenye daraja hilo hilo. Mwaka 1998 China ilianza kuzuia ukataji wa misitu ya asili, kisha ikapanda mianzi kati ya mlima na mlima ili panda wafikiane. Sensa iliyotangazwa 2015 ilihesabu panda 1,864 porini, na 2016 wakashushwa daraja moja la hatari.

Mbizi unalindwa na Wakala wa Huduma za Misitu, lakini walinzi hawawezi kuwa kila mahali. Adui mkubwa ni moto wa kiangazi. Mtu huchoma nyasi bondeni ili ng'ombe wapate majani mabichi, upepo unaupandisha, na ukingo wa msitu unarudi nyuma hatua kadhaa kila mwaka. Mche ulioungua mwaka huu ungekuwa mti wa kuliwa majani mtakapokuwa na watoto wenu. Basi mkiona moshi unapanda upande wa Mbizi mwezi wa Agosti, kimbieni kwa mwenyekiti wa kijiji saa hiyo hiyo, hata kama ni wakati wa mpira.