Mbwa Mwitu, Wapiti na Hesabu za Wawindaji

Katika majimbo ya Montana, Idaho na Wyoming, magharibi mwa Marekani, uwindaji wa wapiti ni shughuli ya watu wa kawaida. Mwalimu wa shule, fundi wa magari na karani wa benki hukata leseni kila mwaka, hupanda milimani majira ya majani kupukutika na, wakibahatika, hurudi na nyama ya kulisha familia msimu mzima wa baridi. Wapiti ni jamii ya kulungu mwenye umbo kubwa: dume aliyekomaa hupita kilo 300, na akishachunwa na kutolewa mifupa hubaki nyama inayokaribia kilo 100. Mnyama huyo huyo ndiye chakula kikuu cha mbwa mwitu wa kijivu, mkazi wa nchi za baridi aliye tofauti kabisa na yule wa mabaka anayeonekana katika hifadhi za Ruaha na Nyerere, Tanzania. Wawindaji wawili wanagombea windo moja, na ugomvi wao umekwishafika mahakamani, bungeni na kwenye masanduku ya kura.

Kwa miaka karibu 70 ugomvi huu ulilala, kwa sababu upande mmoja haukuwapo. Serikali ya Marekani iliwalipa watu kuwatega mbwa mwitu, kuwapiga risasi na kuwawekea sumu, na kufikia 1926 makundi ya mwisho yalikuwa yameuawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone yenyewe. Imani ya enzi ile ilikuwa nyepesi: mbwa mwitu wakipungua, kulungu wataongezeka na wawindaji watafaidi. Afrika Mashariki nayo iliionja imani hiyo, pale maofisa wa wanyamapori wa wakati wa ukoloni walipowapiga risasi mbwa mwitu wa mabaka wakiamini kwamba wanawaokoa swala. Aldo Leopold, ofisa wa misitu aliyeshiriki kuwaua mbwa mwitu huko Arizona alipokuwa kijana, alikuja kuikana. Katika kitabu chake kilichotoka 1949 alieleza alivyoona milima isiyo na mbwa mwitu ikiliwa majani hadi kukauka, kisha kulungu wenyewe wakifa njaa. Leopold alibaki mwindaji maisha yake yote, jambo linalosahauliwa na wale wanaodhani kwamba mtu hawezi kupenda kuwinda na kumtetea mbwa mwitu kwa wakati mmoja.

Sheria ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka ilipitishwa 1973, na ndiyo iliyofungua mlango wa kuwarudisha. Januari 1995 mbwa mwitu 14 waliletwa Yellowstone kutoka Alberta, Kanada. Mwaka uliofuata wakaletwa 17 kutoka British Columbia. Katika miaka hiyo miwili Idaho ilipokea 35. Lengo lililotangazwa lilikuwa mbwa mwitu wasiopungua 300 na jozi 30 zenye kuzaa katika majimbo yote matatu, kwa miaka mitatu mfululizo. Lengo hilo lilitimia mwishoni mwa 2002. Hata hivyo, kesi na rufaa zilifuatana: ulinzi uliondolewa 2008, ukarudishwa na mahakama, ukaondolewa tena 2009, ukarudishwa tena 2010, hadi Bunge la Marekani lilipoingilia kati 2011 na kuukabidhi usimamizi kwa Montana na Idaho. Wyoming ilisubiri hadi 2017 ndipo suala lake likatulia. Wawindaji wengi wanaposimulia kisa hiki hukaa zaidi kwenye miaka hiyo ya kesi kuliko kwenye mnyama mwenyewe. Waliambiwa 300; kufikia mwisho wa 2009 eneo hilo lilikuwa na zaidi ya 1,600. Walijiona wamefanyiwa hila, na hisia hiyo imewapotezea imani kwa kila takwimu iliyotolewa baadaye.

Takwimu inayotajwa kuliko zote ni ya kundi la wapiti la kaskazini mwa Yellowstone. Mwaka 1994, kabla ya mbwa mwitu kurudi, walihesabiwa wapiti wapatao 19,000. Mwaka 2013 walihesabiwa chini ya 4,000. Kwa waongoza wawindaji wa Gardiner, mji mdogo ulio kwenye lango la kaskazini la hifadhi, hesabu hiyo haihitaji profesa. Kwa makadirio ya wataalamu, mbwa mwitu mmoja wa Yellowstone anaweza kuangusha wapiti wapatao 20 kwa mwaka. Zidisha kwa idadi ya mbwa mwitu, jibu unalo.

Hesabu hiyo ina ukweli ndani yake, ila haijakamilika. Majira ya baridi ya 1996 hadi 1997 yalikuwa makali mno na yaliua wapiti kwa maelfu. Ukame wa miaka iliyofuata ulipunguza malisho. Mamlaka ya Montana nayo, ikitaka kulipunguza kundi lililoonekana kubwa kupita kiasi, iliendelea kutoa vibali vingi vya kuua majike karibu na Gardiner mwishoni mwa msimu wa baridi, na vibali hivyo havikukoma kabisa hadi karibu 2010. Meno ya wanyama waliouawa, ambayo hukatwa na kusomwa umri kwa darubini, yalionyesha tofauti kubwa. Majike walioangushwa na wawindaji walikuwa na wastani wa miaka kama sita, umri wa kuzaa vizuri. Majike walioangushwa na mbwa mwitu walikuwa na wastani wa karibu miaka 14, vikongwe ambao wengi wao hawakuwa na ndama wengi mbele yao. Jike mmoja aliyeangushwa kwa risasi aliligharimu kundi zaidi kuliko jike mmoja aliyeangushwa kwa meno.

Kisha kuna dubu. Watafiti waliowafuatilia ndama wachanga wa Yellowstone kati ya 2003 na 2005 waligundua kwamba zaidi ya nusu ya vifo vyao vilisababishwa na dubu, na sehemu ndogo tu na mbwa mwitu. Hata samaki wamo katika kisa hiki. Trauti wa asili wa Ziwa Yellowstone, waliokuwa wakipanda vijito kutaga na kuliwa na dubu, walipungua baada ya watu kupandikiza ziwani aina nyingine ya trauti inayowala, na dubu wakageukia ndama zaidi.

Swali ambalo wanabiolojia hulirudia ni hili: wapiti aliyeliwa leo angekuwa hai majira ya kuchipua? Mtaalamu anapolikuta windo kwenye theluji huvunja mfupa wa paja na kuutazama uboho. Uboho mweupe na mgumu kama samli iliyoganda ni wa mnyama aliyekuwa na akiba ya mafuta. Mwekundu unaotikisika kama ute ni wa mnyama aliyekuwa tayari anakufa njaa. Pale mbwa mwitu anapomaliza wa aina ya pili, idadi ya kundi haibadiliki sana. Anapoua jike mwenye afya au ndama ambaye angepona, kila kifo ni hasara halisi. Mambo haya mawili hutokea kwa pamoja, na uwiano wake hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine na kutoka mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana jibu moja la kutosha nchi nzima halipo.

Bonde la Bitterroot, kusini-magharibi mwa Montana, linaonyesha faida ya kuchunguza kabla ya kuhukumu. Wapiti walipungua, ndama wakawa wachache, na wakazi walikuwa na hakika kwamba wa kulaumiwa ni mbwa mwitu. Kuanzia 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montana na wa idara ya wanyamapori ya jimbo, wakisaidiwa fedha na vyama vya wawindaji wenyewe, waliwavalisha ndama wachanga hereni zenye redio. Ndama akikaa muda mrefu bila kujitikisa, mlio wa redio hubadilika, na watu hukimbilia mahali hapo kabla ushahidi haujaharibika. Kila mla nyama ana alama zake: puma, paka mkubwa wa mwituni, hufukia mzoga kwa majani, udongo na matawi, mbwa mwitu huurarua na kuutawanya. Ilibainika kwamba aliyeua ndama wengi zaidi alikuwa puma, ambaye hakuna aliyekuwa akimpigia kelele. Jimbo likaongeza vibali vya kuwinda puma. Wawindaji walioulipia utafiti huo waliyapokea majibu wasiyoyatarajia, na heshima ya jambo hilo ni yao.

Lolo, kaskazini mwa Idaho, ni kisa kingine. Hapo kulikuwa na wapiti wapatao 16,000 mwaka 1989. Mwaka 2010 walibaki kama 2,000. Chanzo cha mwanzo kilikuwa msitu. Mioto mikubwa ya 1910 ilifungua milima, vichaka vikachipua, wapiti wakanenepa na kuzaana. Kadiri mioto ilivyozimwa, miti mikubwa ilirudi na malisho yakapungua, na baridi ya 1996 ikaongeza pigo. Lakini kundi lililokwishadhoofika namna hiyo halikuweza tena kustahimili meno ya mbwa mwitu, na idara ya Idaho imefikia hatua ya kuwapiga risasi kutoka kwenye helikopta. Malalamiko ya mwindaji wa Lolo yana msingi. Kumjibu kwamba Idaho, Montana na Wyoming kila moja ina wapiti zaidi ya 100,000 ni kusema kweli isiyomsaidia, kwa kuwa hawindi jimbo zima. Anawinda bonde alilofundishwa na baba yake. Sehemu kubwa ya mabishano haya hutokana na upande mmoja kuzungumzia bonde na mwingine kuzungumzia jimbo.

Wawindaji wenyewe hawana kauli moja. Wapo wanaotamani mbwa mwitu atoweke tena. Wengi zaidi hutaka awekwe kundi moja na dubu na puma: awe na msimu wake, leseni yake na kikomo cha idadi. Huo ndio msimamo wa jumla wa Rocky Mountain Elk Foundation, taasisi iliyoanzishwa Montana mwaka 1984. Hoja yao kubwa ni ya fedha. Tangu 1937 bunduki na risasi za kuwindia hutozwa ushuru maalumu, asilimia 10 au 11 kwa kutegemea aina, unaorudi kwenye idara za wanyamapori za majimbo, juu ya ada za leseni. Anayelipa, wanasema, anastahili kusikilizwa. Wengine hulalamika zaidi kuhusu tabia: wapiti wamekuwa wajanja, madume hayalii kama zamani, makundi hujificha kwenye misitu minene au kwenye mashamba ya watu binafsi ambako mwindaji wa kawaida haruhusiwi kuingia. Na wapo wanaompenda mbwa mwitu, wanaosema mlima wenye sauti yake ni mlima kamili, hata kama safari itakuwa ngumu zaidi.

Mgawanyiko huo ulionekana wazi 2021. Idaho iliondoa kikomo cha idadi ya mbwa mwitu ambao mtu mmoja anaweza kuwaua, na Montana ikaruhusu kila mwindaji kuua hadi 10 na kutega 10 wengine. Majira hayo ya baridi zaidi ya mbwa mwitu 20 wa Yellowstone waliuawa walipovuka mpaka wa hifadhi, na 2022 Montana ikarudisha kikomo cha wanyama sita katika eneo linalopakana na lango la kaskazini. Baadhi ya wapinzani wakubwa wa sheria hizo walikuwa wanabiolojia na askari wastaafu wa wanyamapori, wengi wao wakiwa wawindaji, waliohofia kwamba uwindaji usio na mipaka ungewatia doa wote mbele ya wananchi wasiowinda. Hofu hiyo ilikuwa ya haki.

Kuwahesabu mbwa mwitu nako kuna utata wake. Montana huwahoji maelfu ya wawindaji wa kulungu na wapiti iwapo wameona mbwa mwitu, kisha hutumia majibu hayo kukadiria idadi, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa karibu 1,100. Baadhi ya wawindaji huona makadirio hayo ni madogo mno, na watetezi wa mbwa mwitu huyaona makubwa mno.

Uwanja mpya wa mabishano ni Colorado, jimbo lenye wapiti wengi kuliko jingine lolote la Marekani. Mwaka 2020 wapiga kura waliamua, kwa asilimia isiyofika 51, kwamba mbwa mwitu warudishwe. Wengi waliounga mkono waliishi mijini, na wengi waliopinga waliishi mabonde ambako wangefunguliwa. Vyama vya wawindaji vilipinga suala la kitaalamu kuamuliwa kwa kura. Kumi wa kwanza, waliotoka Oregon, walifunguliwa Desemba 2023. Bunge la jimbo lilikuwa limekwishaamua kwamba gharama za kazi hiyo zisitoke kwenye fedha za leseni za uwindaji na uvuvi.